Kigoma Ujiji: manispaa iliyopachikwa jina la mwisho wa reli

Treni ya Reli ya Kati ikitoka Dar es Salaam hukata zaidi ya kilomita 1,200 kabla ya kusimama mbele ya jengo la stesheni la Wajerumani, hatua chache kutoka Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo lilipotoka jina la utani la Kigoma, mwisho wa reli. Wenyeji wenyewe hulitamka kwa majivuno, na wanaotoka kwingine hulitamka kwa maana ya mbali, mahali mtumishi wa serikali anapohamishiwa akaanza kuulizwa na wenzake kama amekosea nini.

Jina hilo linautazama mji ukiwa umesimama Dar es Salaam. Ukisimama Kalemie, Uvira au Bujumbura, reli haiishii Kigoma, inaanzia hapo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba Manispaa ya Kigoma Ujiji haieleweki mpaka uitazame kwa upande wa ziwa. Watu wake na biashara yake vilitoka ziwani, na siasa zake hazijawahi kuwa mbali na maji hayo. Mpaka wa kikoloni na mfumo wa utawala ndivyo vilivyoigeuza njia panda kuwa kona ya nchi, na karibu kila tatizo ambalo baraza la madiwani limekuwa likihangaika nalo lina mzizi hapo.

Soko lililotangulia serikali

Manispaa ina majina mawili kwa sababu ni miji miwili, na mkubwa kwa umri ni Ujiji. Kigoma ilipokuwa kijiji kando ya ghuba, Ujiji tayari ilikuwa inajulikana Unguja, Tabora na ndani kabisa ya Kongo. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipofika Februari 1858, waliambiwa kwamba wafanyabiashara Waarabu walianza kufika hapo takriban mwaka 1840. Mahali walipofikia paliitwa Kawele. Ujiji lilikuwa jina la nchi nzima ya Wajiji, na kilichokuja kuwa mji kilikuwa vijiji vilivyosogeleana, hasa Kawele na Ugoy.

Wageni walikuta soko linaloendelea. Chumvi iliyochemshwa kwenye chemchemi za Uvinza ilikutana hapo na mawese, nafaka, mbuzi na samaki wa ziwani. Fedha ya soko ilikuwa shanga. Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874, alieleza shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko uliovunjika. Mwenye nguo au shanga za aina nyingine alilazimika kwanza kuzibadilisha apate sofi ndipo anunue kitoweo. Soko lenye fedha yake na watu wa kuibadilisha ni soko lenye utaratibu, na utaratibu huo ulikuwapo kabla ya bendera yoyote kupandishwa.

Juu ya soko hilo ikaja biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Misafara ilivuka ziwa kwenda Manyema, nchi iliyo upande wa mashariki wa Kongo, na kurudi Ujiji kabla ya kuelekea Tabora na pwani. Ukatili wa biashara hiyo haukuwa jambo la pembeni. Julai 1871 David Livingstone alishuhudia wafanyabiashara wakiwamiminia risasi watu sokoni Nyangwe, kwenye Mto Lualaba, na ni baada ya kisa hicho ndipo aliporudi Ujiji, mgonjwa na hana kitu, akakuta mali aliyotumiwa imeshauzwa. Henry Morton Stanley alimkuta hapo mwishoni mwa mwaka huo. Mnara wa ukumbusho uliopo Ujiji leo unawataja wazungu hao wawili. Maelfu ya Wamanyema waliopitishwa hapo hawana mnara, ingawa wajukuu zao ndio wanaoishi mitaa inayouzunguka.

Kufikia miaka ya 1870 Ujiji ilikuwa na liwali wake, Mwinyi Kheri, Mswahili kutoka pwani ya Mrima. Aliongoza kwa kuelewana na watawala wa Waha na Wajiji waliomzunguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 akapandisha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Baada yake nguvu zilishikwa na Muhammad bin Khalfan, mzaliwa wa Lindi anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, mshirika wa mfanyabiashara Tippu Tip, hadi vita na majeshi ya Wabelgiji ng'ambo ya ziwa viliposambaratisha himaya yake mwanzoni mwa miaka ya 1890. Katika miongo hiyo Ujiji ilipata sura ambayo bado inayo: mji wa Kiislamu, wenye nyumba za udongo chini ya miembe na michikichi, na wenye Kiswahili kama lugha ya nyumbani. Kiswahili kinachosemwa leo Kalemie na Kindu kilivukia hapa pamoja na misafara hiyo.

Ziwa lilirudi nyuma, reli ikapita pembeni

Kilichoinyang'anya Ujiji nafasi yake ni mambo mawili. La kwanza lilikuwa maji. Kwa miaka mingi Mto Lukuga, mlango pekee wa kutokea wa Ziwa Tanganyika, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Cameron aliukuta hivyo mwaka 1874, na ziwa likawa linapanda. Mnamo 1878 kizuizi hicho kilivunjika, maji yakaanza kukimbilia Kongo, na katika miaka isiyozidi ishirini kina cha ziwa kikashuka kwa takriban meta kumi. Kwenye ufuko wenye miamba mirefu, meta kumi hazionekani sana. Ujiji ina ufuko tambarare, kwa hiyo maji yaliuacha mji. Mahali ambapo zamani mitumbwi ilifungwa pakageuka mashamba, na mnara wa Livingstone uko leo mbali na maji.

La pili lilikuwa hesabu za Wajerumani. Walijenga kituo cha kijeshi Ujiji mwaka 1896 kwa sababu watu na soko vilikuwa hapo. Lakini ujenzi wa Reli ya Kati ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 ulihitaji bandari ya kweli, na kilomita nane kaskazini kulikuwa na ghuba yenye kina, iliyokingwa na upepo. Reli ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 ikafika Kigoma. Boma likahamia huko. Ujiji, iliyokuwa na watu, ikabaki bila bandari, na Kigoma, iliyokuwa na bandari, ikaanza kutafuta watu.

Mgawanyo huo unaonekana hadi leo ukipanda daladala kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kigoma ina stesheni, bandari, ofisi za mkoa na majengo ya Kijerumani yenye kuta nene. Ukipanda mlima unaingia Mwanga, penye soko kubwa na msongamano wa biashara. Kisha barabara inashuka kusini kuelekea Ujiji, na sura ya mji inabadilika: nyumba zimesogeleana, misikiti inapishana kwa umbali mdogo, na majina ya mitaa yanawataja watu waliokuja kwa mtumbwi kuliko waliokuja kwa treni.

Meli moja, serikali tatu

Reli ilifika ikiwa imebakiza miezi michache tu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Meli ya Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ilifunguliwa vipande vipande, ikaletwa ndani ya maelfu ya masanduku na kuunganishwa upya Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, mafundi wa Kijerumani waliizamisha wenyewe baada ya kuzipaka mashine zake mafuta ya kutosha, kwa matumaini kwamba wangerudi kuichukua. Waliorudi kuichukua walikuwa Waingereza. Waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Kwa takriban karne nzima iliyofuata ilibeba abiria, dagaa, saruji na wakimbizi kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia.

Kati ya Wajerumani na Waingereza walikuwapo Wabelgiji, nao ndio walioishika Kigoma kuanzia 1916 hadi Machi 1921. Walikuwa na sababu ya kuitaka. Kongo Mashariki, Rwanda na Burundi zilihitaji njia ya kwenda Bahari ya Hindi, na njia hiyo ilipita hapa. Waliporudisha mji kwa Waingereza, mkataba wa 1921 uliwaachia maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kwa hiyo hata chini ya Uingereza sehemu ya gati la Kigoma ilihudumia nchi nyingine, na hali hiyo iliendelea hadi baada ya uhuru.

Waingereza nao walikuwa na matumizi mengine ya magharibi. Buha, nchi ya Waha, haikupewa mazao makubwa ya biashara. Ilifanywa shamba la vibarua, na vijana wa Kiha wakaandikishwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Treni iliyoleta mizigo ya Kongo ilirudi na watu. Mkoa uliozoea kusafirisha nguvu kazi yake haukupata sababu ya kujengewa viwanda, na hapo ndipo maneno ya mwisho wa reli yalipoanza kuwa na maana ya kusahauliwa.

Nani ni wa hapa

Manispaa ina kata 19, na ukizipitia unasoma historia yote iliyotangulia. Ujiji yenyewe imegawanyika katika kata ndogo zilizobanana, kama Kitongoni, Kipampa, Kasimbu, Rubuga, Rusimbi, Kasingirima na Buzebazeba. Kuelekea kaskazini ziko Gungu, Katubuka, Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini. Kandokando ya ziwa ziko Bangwe na Kibirizi, na katikati yake kata ya Kigoma yenye ofisi.

Wamanyema ndio waliokuwa wengi Ujiji wakati wa Wajerumani, lakini neno hilo ni mwamvuli. Chini yake wako Wabwari, Wagoma, Wabembe, Waholoholo, Wabangubangu na wengine, watu ambao babu zao hawakuwa kabila moja. Wengine waliletwa wakiwa watumwa, wengine walikuja kama wapagazi na wapiganaji wa misafara, wengine walivuka ziwa wakikimbia vita. Wakiwa Ujiji waliunganishwa na dini, na lugha, na ndoa, na hali ya kuwa wageni kati ya Waha. Wanawake walikuwa na sehemu kubwa katika muungano huo, kupitia ngoma zao, malezi ya wasichana na misaada ya arusi na misiba. Vizazi viwili baadaye, jina lililotumika kuwatenga lilikuwa jina la kujivunia, na likasafiri nao: Kariakoo, Dar es Salaam, Msikiti wa Manyema bado upo.

Waha nao wamekuwa wakiingia mjini kwa kasi tangu reli ijengwe, kutoka Kasulu, Kibondo, Heru na vijiji vya karibu, na sasa ndio wanaoamua sauti ya soko la Mwanga. Ongeza Wajiji wenyewe, Wabwari wa mialoni wanaoishi kwa uvuvi, familia za Kiarabu zilizochanganyika na wenyeji, Wahindi walioshika maduka tangu enzi ya Mjerumani, Warundi waliokuja kwa mawimbi, na watumishi wa umma kutoka kila mkoa. Mtu wa Ujiji anaweza kuwa na bibi Mbwari, babu Mha na mjomba Kalemie, na haoni ajabu. Ajabu huiona ofisa anayetaka jibu moja.

Kinachoshangaza ni takwimu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 215,458 katika manispaa, na ya 2022 ikahesabu 232,388. Hilo ni ongezeko la chini ya asilimia nane kwa miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka kwa takriban asilimia 37. Miji ya Tanzania inafurika, huu unasogea polepole. Sehemu ya maelezo ni mpaka wa manispaa: ukuaji umevuka mstari na kwenda Mwandiga, katika Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, ambako viwanja ni vya bei nafuu zaidi. Sehemu nyingine ni desturi ya muda mrefu ya kuondoka. Kigoma imetoa wanasiasa, wachezaji wa mpira na wanamuziki kwa wingi usiolingana na ukubwa wake, kiasi kwamba mwaka 2012 waliweza kukusanywa wasanii wenye asili ya mkoa huo wakatoa wimbo mmoja wa Kigoma All Stars. Karibu wote walikuwa wamejijengea jina Dar es Salaam.

Dagaa, mawese na vitenge

Uchumi wa mji unaonekana vizuri zaidi alfajiri kwenye mwalo wa Kibirizi au Katonga. Usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, mitumbwi iliyofungwa miwili miwili hutoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola. Mwanga unawavuta dagaa juu, wavu unashushwa chini yao na kuinuliwa. Kunapokucha, wanawake ndio wanaoupokea mzigo. Hukubaliana bei mguu mmoja ukiwa majini, hupima kwa ndoo au kwa debe, kisha humwaga dagaa juu ya vichanja vya waya au kwenye mchanga. Dagaa wa kichanja hawana mchanga na huuzwa ghali zaidi. Wa chini hukauka na uchafu wao, na mvua ikinyesha kabla ya adhuhuri mtaji wa wiki nzima unaoza. Bei ya dagaa wa Kigoma sokoni Kariakoo imeanzia kwenye tofauti hiyo ya kichanja na mchanga.

Samaki hao wanapungua. Desemba 2021 nchi nne zinazolizunguka ziwa zilitia saini itifaki ya kulinda uvuvi, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Kwa mwanasayansi hiyo ni hatua ya maana, kwani samaki hawajui mpaka na nchi moja ikifunga peke yake haifaidiki. Kwa manispaa ilikuwa robo mwaka bila ushuru wa mwaloni, na kwa mchuuzi wa Katonga ilikuwa robo mwaka bila kazi. Uamuzi ulifanywa na mataifa, gharama ikalipwa na mitaa.

Nguzo ya pili ni mawese. Michikichi imekuwa hapa tangu kabla ya misafara, na mafuta yake hupikia, hutengenezea sabuni na huuzwa kwa madumu hadi Tabora na kwingineko. Kwa miongo mingi zao hilo lilibaki la kienyeji, bila mbegu bora wala viwanda, mpaka serikali ilipoanza kulipa umuhimu mwaka 2018 na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche. Manispaa haina ardhi ya kulima michikichi mingi, lakini ndiyo soko lake, na kiwanda kikijengwa kinahitaji umeme, maji na barabara za mjini.

Ya tatu ni biashara ya ng'ambo. Saruji, mabati, unga na bidhaa za dukani vinatoka Kigoma kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Vitenge kutoka Kongo vinaingia, na mwanamke anayetaka kitenge kizuri Dar es Salaam bado huagiza kwa ndugu aliye Kigoma. Sehemu ya biashara hiyo inapita bandarini kwa hati. Sehemu nyingine inapita kwa maboti ya mbao ya Kibirizi, na serikali imejenga gati huko na Ujiji ili iipate. Kodi kubwa ya mizigo hii inakwenda hazina. Manispaa inabaki na ushuru wa soko, leseni za maduka na takataka za kuzoa.

Mji wa mpakani na swali la uraia

Tangu 1960, kila msukosuko wa Kongo na Burundi umefika Kigoma kwanza. Julai mwaka huo, Jane Goodall alipofika akielekea Gombe kuanza utafiti wa sokwe, alikuta mji umejaa Wabelgiji waliokuwa wakikimbia Kongo iliyokuwa imepata uhuru muda mfupi kabla. Mwaka 1965 Che Guevara alivukia hapa kwenda kupigana Kongo, na katika kumbukumbu zake alilalamika kwamba viongozi na wapiganaji walipenda mno starehe za Kigoma. Warundi walikuja 1972 na tena 1993, Wakongo 1996. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi waliokwama ufukoni Kagunga waliletwa kwa meli ya Liemba na kupokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, huku kipindupindu kikienea.

Mji ulipokea. Ulipata pia faida, maana mashirika ya misaada yalikodi nyumba, yakaajiri madereva na wahasibu, yakanunua mahindi. Lakini ukarimu huo umekuwa na bei kwa wenyeji wenyewe. Mkazi wa Kigoma Ujiji anajua maana ya kusimamishwa na Uhamiaji akaulizwa babu yake alizaliwa kijiji gani. Anajua kucheleweshewa kitambulisho cha Taifa kwa sababu jina lake linafanana na la Kirundi au la Kikongo. Malalamiko hayo yamekuwa yakisikika bungeni na kwenye majukwaa ya kampeni kwa miaka mingi.

Swali la babu lina kasoro ya msingi. Mpaka ulichorwa Ulaya kati ya 1885 na mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mtu aliyezaliwa Ubwari, ng'ambo ya ziwa, akahamia Ujiji kabla ya hapo hakuvuka mpaka wowote kwa sababu haukuwapo. Mwaka 1961, wakazi wa Ujiji waliopata uraia wa Tanganyika kwa kuzaliwa walikuwa wameshakaa hapo kwa vizazi viwili au vitatu. Kuwataka wajukuu zao wathibitishe asili yao kwa ukali zaidi kuliko mkazi wa Dodoma ni kuliadhibu eneo kwa jiografia yake. Mlinzi wa mpaka ana haki ya kuuliza, ila uzito wa ushahidi usiamuliwe kwa kutazama jina na uso wa mtu.

Baraza na mamlaka yake

Siasa za Kigoma Ujiji zimetokana kwa kiasi fulani na hasira hiyo. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, jimbo la mji huu lilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kuitikisa CCM. Katika uchaguzi mdogo wa 1994 mgombea wa CCM, Azim Premji, alitangazwa mshindi dhidi ya Dkt. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Kabourou alikwenda mahakamani, matokeo yakabatilishwa, na moja ya hoja ilikuwa upendeleo wa Redio Tanzania katika kutangaza kampeni. Shauri hilo lilifika Mahakama ya Rufani na bado hutajwa na wanasheria wa kesi za uchaguzi. Kabourou alishinda ubunge mwaka 1995. Jimbo lilirudi CCM mwaka 2005, likaenda kwa Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo mwaka 2015, na likarudi tena CCM mwaka 2020.

Kipindi cha 2015 hadi 2020 kinafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ACT-Wazalendo ilipata pia madiwani wengi na kumchagua meya. Mwaka 2016 manispaa ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za mitaa duniani zilizoingia kwenye majaribio ya Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi (OGP). Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika mpango huo, na manispaa ikatoka pamoja na nchi. Wakati huohuo ukusanyaji wa kodi ya majengo, chanzo muhimu cha mapato kwa mji wowote, ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kupitia umeme wa LUKU. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, lakini mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji, huteuliwa na Rais. Baraza linaweza kupitisha bajeti, ila fedha nyingi zinazoitekeleza ni ruzuku, na mtu anayezitumia hawajibiki kwa madiwani moja kwa moja.

Hali hiyo haikuanzia kwenye upinzani. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri nchini zilifutwa kwa jina la Madaraka Mikoani, za miji zikarudishwa kuanzia 1978 na sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa 1982. Tangu hapo Kigoma Ujiji imejengwa zaidi kwa miradi inayotoka juu. Barabara nyingi za lami za Mwanga na Ujiji zilitokana na mradi wa miji ya kimkakati uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2010. Ni barabara nzuri, zimefupisha safari na kupandisha thamani ya nyumba. Lakini mwananchi hawezi kumpigia au kumnyima kura mfadhili, na lami ikianza kubomoka huelekea kwa diwani ambaye hana fungu la kuitengeneza.

Reli mpya, njia nyingine

Desemba 2022 Tanzania ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Habari hiyo ilipokewa mjini kwa shangwe, na kwa haki. Ila kuna mkataba mwingine ambao wakazi wanapaswa kuusoma kwa makini zaidi. Kwa mkataba huo, reli ya kwenda Burundi itachepuka Uvinza kuelekea Musongati, kilomita 282. Mzigo wa Burundi, ambao kwa karne nzima umekuwa ukishushwa Kigoma na kupakiwa melini, utaweza kuikwepa bandari kabisa. Ujiji iliachwa na reli mwaka 1914 kwa kilomita nane. Safari hii umbali ni mkubwa zaidi, na inayoweza kuachwa ni Kigoma yote.

Kinachobaki ni Kongo. Kalemie haitafikiwa na reli ya Burundi kwa urahisi, na miji ya Kongo Mashariki inayokua inahitaji unga, saruji na mafuta ya petroli. Bandari ya Kigoma ikiwa na meli zinazoondoka kwa ratiba na gharama zinazojulikana, itakuwa na kazi ya kutosha. Ikikosa, maboti ya mbao yataendelea kubeba yanachoweza na mizigo mikubwa itatafuta njia nyingine. Ziwa nalo halijatulia. Tangu 2020 maji yamepanda na kufunika sehemu za mialo na nyumba za ufukoni, kwa hiyo gati lolote linalojengwa leo lazima lipimwe kwa historia ya maji yaliyowahi kupanda na kushuka meta kumi.

Haya yote yameamuliwa au yataamuliwa nje ya ukumbi wa baraza la madiwani, na hapo ndipo manispaa inapaswa kuwekeza sauti yake. Kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake. Baraza linaweza kudai sehemu ya mapato ya bandari ibaki mjini, kwa kuwa mji ndio unaobeba malori, uchafu na msongamano. Linaweza kujenga vichanja, maghala na maji safi mwaloni, kazi ambayo fungu dogo linatosha kuianza na ambayo mchuuzi ataiona kwenye bei ya wiki ileile. Na linaweza kudai wenyeviti wa mitaa, wanaowajua wakazi wao kwa majina ya wazazi, wapewe nafasi ya kisheria ya kutoa ushahidi wa uraia mbele ya maofisa wasiowajua. Manispaa nyingine zinaweza kungoja mji ukue wenyewe. Hii, yenye watu wanaoongezeka polepole na reli inayochepuka kilomita nyingi mashariki mwake, haina muda huo.